Barua kwa Ami wa Pedi: Baina ya Taiwan na Thailand

Asalaam aleikum wasomaji, wa mjini na wa shamba, wa Unguja na wa Pemba, na nyie mloko Muscat mnotumiwa picha za ukurasa huu kwa WhatsApp bila kununua gazeti, nakujueni. Mwezi huu pedi, ile ya mkononi ya kuchezea gemu, sikuishika sana nikwambieni kweli. Ijumaa moja baada ya isha nimeshajilaza na kikoi changu, chai ya tangawizi pembeni, nawasha mashine inanambia kuna apdeti, giga 38, na gemu yenyewe ni ya zile zisofunguka bila ya intaneti hata ukicheza peke yako, sasa bando langu la wiki zima halifiki huko, nikazima nikalala. Jumamosi nikaitia mashine kwenye mkoba wa sokoni nikaipakia kwenye vespa kama nimebeba kuku, mpaka kwa shemegi yangu mwenye faiba, tukala mchana, tukasali alasiri, ikamaliza magharibi inaadhiniwa. Nikaja kusoma sasa hiyo apdeti imeleta nini. Nguo. Nguo za wahusika, za kununua kwa pesa.

Basi siku tatu zilobaki za mapumziko nikacheza Hollow Knight kwenye PS4 yangu ya zamani, yaani PlayStation 4 ya Sony, gemu ya 2017 hiyo, haijaniuliza kitu. Haya tuingie kwenye barua, zimekuja nyingi na nusu yake mnauliza jambo moja kwa maneno tafauti.

Ami shikamoo. Mie niko Chake, msimu wa karafuu ulopita tulichuma vizuri alhamdulillah nikapata fungu langu, nikampa pesa jamaa anokwenda Dubai aniletee PS5. Kaniletea ile isokuwa na pa kutia sidii, anasema ilikuwa nafuu. Sasa gemu moja giga mia na kitu, nanunua bando la usiku linakwisha gemu haijafika nusu, na sidii za marafiki zangu nazitizama tu. Niiuze? Saa hizi nimekaa na friji nyeupe sebuleni. Na hizi nilizonunua si zangu milele lakini? – Mchuma karafuu, Chake Chake

Marahaba mwanangu. Usiiuze kwanza, itizame umbo lake. Zile za mwanzo za Novemba 2020 zisokuwa na sidii, zile pana kubwa, hazina dawa, ndo zilivozaliwa. Lakini zile nyembamba zilotoka mwishoni mwa 2023 kile kifuniko cha ubavuni kinatoka, na kuna kifaa cha sidii kinachouzwa mbali unakichomeka mwenyewe kwa mkono, bei yake kule Marekani ilianzia dola 79.99. Kuna jambo moja tu, siku ya kwanza ukishakichomeka lazima mashine iwe na intaneti ili vitambuane, hapo hata hotspoti ya simu inatosha, baada ya hapo imekwisha. Kwa hiyo kabla ya kumtuma mtu tena mwambie akupigie picha ya boksi, nambari ya modeli isomeke, wenzetu wa Dubai madukani hawana hiyana ukiuliza.

Na usidhani Sony walisahau kutia hicho kitundu. PS5 Pro ya Novemba 2024 ilitoka kwa dola 699 na sehemu ya sidii haimo, unainunua mbali. Hesabu yake nyepesi, sidii unayo weye, ukimaliza unamuuzia mwenzio wa Machomanne, naye anamuazima binamu yake Wete, sidii moja inakula watu kumi na kampuni imepata pesa mara moja. Bila ya sidii duka linabaki moja duniani, la kwao wenyewe, na bei wanapanga wao. Mie skatai biashara, lakini mtu wa Chake aloshikana na bando la simu ndo anobeba huo mzigo, si mtu wa London mwenye faiba ukutani.

Sasa hata hiyo sidii siku hizi iulize kwanza ina nini ndani. Call of Duty ya 2022, Modern Warfare II, watu walipoifungua wakakuta sidii ina kama megabaiti 70, yaani ndogo kuliko video ya harusi ulotumiwa kwenye simu, gemu yenyewe yote unashusha mtandaoni. Nintendo nao wamekuja na mashine yao ya Switch 2 Juni 2025 na wana kadi za aina yao ambazo ndani hazina gemu, zina ufunguo tu wa kukuruhusu ushushe. Unanunua boksi zuri, umeliweka kabatini, ndani mna kadi ya kukwambia nenda kashushe. Ndo maana mie kabla ya kununua naingia YouTube kwanza nitafute mtu aloitia hiyo sidii bila ya intaneti akaona inacheza au haichezi, wapo watu kazi yao ni hiyo na Mungu awalipe.

Kwa hayo ulonayo sasa fanya hivi: tafuta mwenye faiba, wapo hata huko Chake, mpelekee mashine na zawadi kidogo usende mikono mitupu, shusha gemu zako tatu nne kwa mpigo. Ukiwa na hadidiski ya nje ya USB, toka Aprili 2021 PS5 inakubali uziweke gemu zake humo, kuzichezea humo hazichezeki lakini unazihamisha ndani kila unapotaka moja, inachukua dakika sio siku. Maana ile PS5 ya mwanzo ina giga 825 kwa maneno, na zikitolewa za mfumo wenyewe zinabaki chache kuliko hizo, gemu saba nane kubwa imejaa. Na ukiishusha ukaimaliza usiifute kwa pupa. Watu wa bara ya Ulaya wanafuta na kushusha kama wanavobadilisha shati, weye giga mia ni safari.

Halafu jengine, kwa sababu umeuliza mwisho wa barua "hizi nilizonunua si zangu milele lakini?" Sio. Umenunua ruhusa. Kulikuwa na gemu ya magari inaitwa The Crew, ya Ubisoft, ilitoka Desemba 2014, ukitaka kuendesha peke yako nyumbani kwako lazima seva ya kampuni iwe hai, na tarehe 31 Machi 2024 seva wakazima, gemu ikafa kwa kila mtu duniani, alonunua sidii na asonunua. Hapo ndo Ross Scott, Mmarekani mmoja wa YouTube, akaanzisha ile kampeni ya Stop Killing Games na Ulaya wakakusanya saini zaidi ya milioni moja mwaka 2025. California nao wana sheria toka Januari 2025, duka likikuuzia kitu cha kidijitali lisikwambie "nunua" tu bila ya kukueleza waziwazi kwamba unapewa leseni. Ni maneno tu hayo kwenye kitufe, lakini angalau mtu aambiwe anachonunua, sisi kwetu hata muuza samaki Darajani anakufungulia shavu uone.

Ami GTA 6 lini? – Mtoto wa Jang'ombe

Hiyo Grand Theft Auto ya sita wenyewe walisema inatoka 2025. Wakasogeza mpaka tarehe 26 Mei 2026, wakasogeza tena mpaka 19 Novemba 2026. Ile ya tano imetoka Septemba 2013, wengine mnoniuliza mlikuwa mnanyonya. Mie kusogezwa hakunikeri kama wanavokerwa vijana, bora ichelewe, Cyberpunk 2077 ililetwa haraka Desemba 2020 kwenye PS4 ikawa haichezeki, wiki moja tu Sony wakaiondoa dukani na watu wakarejeshewa pesa, ikarudi Juni mwaka wa pili. Usilipe kabla haijatoka, na usimpe mtu pesa ya "kukuwekea oda" Darajani.

Kaka, mie ni mama wa watoto wanne, nakaa Mwanakwerekwe. Kijana wangu wa miaka 11 likizo ya skuli alikuwa anacheza gemu ya mpira kwa mashine ya baba yake, kumbe kadi ya benki ya baba imesevuliwa humo toka siku aliponunua kitu mwaka jana. Siku tatu kaondoka na laki na themanini. Anasema alikuwa "anafungua pakiti" apate mchezaji fulani na hajampata. Baba yake kamtandika, mie nimelia, lakini swali langu ni hili: hii si kamari? – Mama wa wanne

Dada yangu pole sana, na mtoto mwambie Ami kakutumia salamu. Hukutaja gemu gani na wala sikuulizi, maana siku hizi karibu zote za mpira ndo hivohivo.

Nikueleze inavokwenda. Zamani unanunua gemu, wachezaji wote wamo, unachagua timu unacheza. Sasa kuna sehemu ndani ya gemu mtoto anatengeneza timu yake mwenyewe kwa kadi, na kadi zinakuja ndani ya pakiti iliyofungwa, hujui imo nini mpaka uifungue, kunawaka taa kunapigwa fataki, anatoka mchezaji wa akiba wa timu asoijua mtu. Nafasi ya kumpata yule mkubwa imeandikwa kwa asilimia pahala fulani kwa maandishi madogo, na mara nyingi haifiki hata moja katika mia. Halafu mwakani gemu inatoka mpya na timu yote alotengeneza haihami. Anaanza sifuri.

Kamari au si kamari, kisheria inategemea unakaa wapi. Ubelgiji mwaka 2018 tume yao ya michezo ya bahati nasibu ilisema hizi boksi za bahati za kulipia, kama hizo pakiti, ni kamari, na EA, wenye gemu ya mpira ya FIFA, Januari 2019 wakaacha kuuza zile poenti zake za kununulia pakiti kule kwao. Nchi nyengine zimesema si kamari kwa sababu ulichopata hukiuzi ukapata pesa. Kidini mie si shehe, muulize shehe wa msikiti wenu na umueleze vizuri kama nilivokueleza hapa, usimwambie "gemu" tu akadhani unauliza kuhusu kucheza mpira. Lakini mimi kama mtu alozaliwa Kwahani akaona wazee wanavopoteza pesa ya chakula kwenye karata, ule uso wa mtoto anapofungua pakiti naujua, nimeuona kwenye karata. Sikusema zaidi.

Sasa kazi ya leo jioni. Ingieni kwenye akaunti ya baba, mtafute sehemu ya malipo, ifuteni kadi kabisa, isibaki. Halafu mtoto mumfungulie akaunti yake ya mtoto chini ya akaunti ya baba, humo kuna pahala pa kuweka kikomo cha matumizi kwa mwezi, wekeni sifuri, na akaunti ya baba itiwe nambari ya siri ambayo si mwaka wake wa kuzaliwa, watoto wanaujua. Akitaka kununua kitu, sikukuu anapata pesa zake, badala ya zote kuzimaliza Mnazi Mmoja kwenye bembea na aiskrimu, umnunulie weye kadi ya thamani ndogo na ikimalizika imemalizika. Na laki na themanini andikeni barua kwa kampuni mseme mtoto mdogo ndo alofanya, mara nyengine wanarejesha mara ya kwanza, mara ya pili hawakusikilizi. Na kumpiga, dada yangu, mwambie mzee nimesema kadi aliisevu yeye.

Ami mie ni mwanafunzi wa chuo niko Tunguu, nacheza na wenzangu wa kike watatu bwenini tunachangia PS5 moja. Wakati wa kufungua akaunti panakuja kuchagua nchi, nikashuka kwenye T, imetoka Taiwan ikaruka Thailand. Tanzania haimo! Nikadhani nimekosea nikarudi tena. Mwisho nikachagua Marekani. Halafu nikanunua vocha ya kununulia gemu kwa mtu wa kwenye grupu, nikaitia inasema imeshatumika, na yeye kaniblok. Na kuna mwenzetu ana sidii kanunua Dubai, kile kipande cha nyongeza cha gemu yake alichonunua mtandaoni hakiingii. Tunafanya nini? – Wanne wa Tunguu

Binti zangu, barua hii nimeisoma mara mbili na mara ya pili nimecheka lakini si cheko la furaha. Baina ya Taiwan na Thailand ndo palikuwa petu, ukitizama alfabeti. Hatupo. Katika Afrika yote kusini ya Sahara nchi inojulikana kuwamo kwenye orodha ile kwa miaka yote hii ni Afrika Kusini, sisi wengine mashine tunaruhusiwa kununua, gemu tunaruhusiwa kununua, ila duka lao halitujui. Kwa hiyo kila Mzanzibari mwenye PlayStation kwenye mtandao wao ni Mmarekani au Muingereza au mtu wa Imarati, mie mwenyewe nna anuani ya nyumba Marekani ambayo sjui hata iko mtaa gani.

Na msidhani ni jambo dogo, lishawahi kuonekana dunia nzima. Helldivers 2 ilitoka Februari 2024, watu wakaipenda, kwenye kompyuta unacheza bila ya akaunti ya PlayStation. Mei wakasema sasa kila mtu lazima aunganishe akaunti ya PSN, yaani huo mtandao wa PlayStation. Haya, wa nchi zisokuwa na PSN? Kabla hawajajibu gemu ikaondolewa kuuzwa Steam, lile duka la gemu za kompyuta, katika nchi 177. Mia na sabiini na saba! Kelele zikapigwa siku mbili tatu, Sony wakarudi nyuma wakasema basi haitolazimishwa. Mie wakati ule niliona watu wa Ulaya wanashangaa, "kumbe kuna nchi hazina PSN?", nikasema moyoni karibuni.

Sasa maswali yenu. Kwanza hiyo akaunti, kwa masharti yao mtu anatakiwa aseme nchi anokaa kweli, kwa hiyo jueni mnakaa nyumba ya kupanga na mwenye nyumba hamjamuona, msieke humo pesa nyingi ya akiba. Barua pepe iwe ya kweli na iwe yenu, muwashe ile hatua ya pili ya kuingia kwa simu, na zile namba za akiba wanazokupeni ziandikeni kwenye daftari mkaliweka, maana ikipotea hamtoweza kuwaeleza kwa nini Mmarekani anapiga simu kutoka Tunguu. Nchi mkishachagua ndo hiyo, haibadilishwi, kwa hiyo chagueni ile ambayo vocha zake mnazipata kwa urahisi.

Pili, vocha lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti. Ya Imarati haiingii kwenye ya Marekani, watu wanapoteza pesa hapo hata bila ya kuibiwa. Na alokuibieni, khalas, pesa hiyo imekwenda, lakini siku nyengine nunueni kwa mtu mwenye duka lenye mlango mnaloweza kwenda kusimama mbele yake mkamtizama. Akizidi bei kidogo mpeni, kile kidogo ndo bei ya mlango.

Tatu, kile kipande cha nyongeza. Sidii ikiwa ya soko jengine na akaunti ya soko jengine, nyongeza haishiki, ndo ilivo, haina ujanja. Mwenye sidii ya Dubai afungue akaunti ya pili ya kule kwenye mashine hiyohiyo, anunue nyongeza na ile, na kwa sababu akaunti iko kwenye mashine yenu wote wanne mtaicheza. Na mkiingia onlaini mkaona mnapigwa goli kabla hamjaona mpira, msivunje pedi, seva za karibu na sisi ziko Afrika Kusini au Mashariki ya Kati, mpaka amri ya kidole ifike huko irudi mwenzio wa Johannesburg kashashangilia. Chezeni nyie kwa nyie bwenini.

Wewe mzee kila mwezi ni kulalamika tu. Kama gemu hazikupendezi si ukavue samaki. – Asiependa malalamiko, Mkunazini

Kuvua nakwenda, Jumapili, changu wawili na ngisi.

Ila umenichokoza nikujibu. Gemu zinanipendeza sana yakhe, mwaka jana nimecheza Balatro mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeanza karata kweli, imetengenezwa na mtu mmoja tu ile, 2024. Silksong, ya pili ya ile Hollow Knight, watu wamengojea miaka, ikatoka Septemba 2025 kwa dola 20 na walotengeneza ni kikundi kidogo cha Adelaide huko Australia. Expedition 33, Wafaransa wa Montpellier, studio mpya, dola 50 wakati wakubwa wanauza 70 na 80. Kwa hiyo wanaojua kazi wapo. Kinachonikera ni wenye pesa. Microsoft wamemaliza kuinunua Activision Blizzard, kampuni kubwa ya gemu, Oktoba 2023 kwa karibu bilioni 69 za dola, Januari inofuata wakaachisha watu 1,900, na Mei wakaifunga studio ya Tango Gameworks ya Tokyo ambayo mwaka ulopita tu ilikuwa imetoa gemu ya Hi-Fi Rush na kila mtu anaisifu, mpaka Wakorea wa Krafton wakaja wakaiokota. Sony nao wakatoa gemu ya Concord tarehe 23 Agosti 2024, tarehe 6 Septemba wakaizima wakarejesha pesa, wiki mbili, miaka ya kazi ya watu imekwisha kabla ya mwezi kuandama mara mbili. Haya ukiyanyamazia weye, mie nna ukurasa.

Ami kwema? Nina kibanda cha gemu hapa Wete, PS4 tatu na PS2 moja ya zamani, siku nyengine inasoma kwa taabu lakini watoto wadogo bado wanaipenda. PS4 mbili zinajizima wenyewe, fundi kaifungua moja mende wametoka kama harusi. Umeme nao ukikatika ukirudi unarudi kwa nguvu. Vijana wakubwa wanasema hawaji tena mpaka nilete PS5. Nikope? – Mwenye kibanda, Wete

Kwema ndugu yangu. Usikope.

Umenikumbusha mbali. Tarehe 10 Desemba 2009 Unguja ilizimika, waya wa baharini uliharibika, tukakaa kiza mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Nyie Pemba wakati ule mlikuwa na jenereta zenu za Wesha, waya wa kutoka Tanga ukakufikieni 2010 hiyohiyo, kwa hiyo mlikuwa mnatucheka. Mie nilikuwa kijana nasimamia kibanda cha mtu Kwahani, PS2 mbili na tivi mbili za mgongo, mwenye kibanda akaleta kijenereta kidogo cha mkono kinachopiga kelele kama vespa ilokufa. Petroli ilipanda, tukapandisha mechi, tukapunguza dakika, na watoto walikuja vilevile wakapanga foleni mpaka barabarani kwa sababu mtaa mzima hakuna pengine penye mwanga. Gemu ya mpira ya Winning Eleven, sidii ya kuchoma, imekwaruzika mpaka watangazaji wanakwama kwenye neno moja. Na kitu kilichotuingizia pesa zaidi kuliko gemu ilikuwa ni kuchaji simu za watu kwenye eksitensheni ileile. Nakwambia haya kwa sababu PS2 ile katika miezi mitatu hiyo haikuomba intaneti, haikuomba apdeti wala nchi, uliipa umeme wa jenereta ukatia sidii ikacheza. Ndo maana ziliuzwa zaidi ya milioni 160 duniani.

Sasa mende. Wanapenda PS4 kwa sababu pawasapulai imo ndani na kuna joto, usiku ukiizima kunabaki vuguvugu, kwao hiyo ni hoteli ya Nungwi. Zipandishe juu ya rafu ya chuma, isiwe mbao iliyogusa ukuta, chakula kisiliwe kibandani, najua watakununia, weka benchi nje wale huko. Matundu ya nyuma funika kwa wavu laini wa nailoni, si kitambaa, hewa ipite. Kila miezi mitatu fundi afungue, apulize vumbi, abadilishe ile dawa nyeupe ya juu ya prosesa, na atizame kutu, maana chumvi ya bahari hapo Wete na mjini kwetu inakula bodi polepole. Dawa ya kupuliza usipulize ndani ya mashine hata siku moja.

Umeme: nunua gadi, ile wanayotia kwenye friji, moja kwa kila mashine, inangoja umeme utulie ndo inapitisha. Na usiziwache kwenye hali ya kulala zikawaka kile kitaa cha rangi ya chungwa, umeme ukikatika hapo hadidiski ndo inoharibika. Izime kabisa, ung'oe waya. Ikishaharibika usitupe mashine, hadidiski ya PS4 ni ileile ya laptop ya inchi mbili na nusu, fundi yeyote anaibadilisha na hata weye mwenyewe ukiwa na bisibisi unaweza.

Hao vijana wakubwa wanotaka PS5, waulize watalipa ngapi kwa mechi, waseme namba. Kisha piga hesabu ya mashine, ya gemu, ya bando la kuisasisha kila wiki, uone ni mechi ngapi mpaka pesa irudi, na msimu usokuwa wa karafuu nani anacheza. Mie naona PS4 tatu nzima zisojizima zinaishinda PS5 moja ya mkopo. Nunua sidii mbili za mpira, za mwaka ulopita, bei nusu, wakipiga kelele waambie timu ni zilezile.

Na hiyo PS2 umesema inasoma kwa taabu siku nyengine. Ukija Unguja na boti ije nayo, niandikie kabla nije kukupokea Malindi, lenzi nnayo moja ya akiba iko ndani ya kopo la maziwa.